Jani jekundu kabla ya mvua: jibu kwa mama anayetaka kuandika haiku kwa Kiingereza

Swali: «Mimi ni mama wa miaka 67, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Katuba hapa Lubumbashi. Binti yangu ameolewa Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka, na wajukuu wangu wanasoma kwa Kiingereza. Kwa ajili yao nilianza kujifunza lugha hiyo nilipostaafu, na mwaka jana nikakutana na mashairi mafupi ya Kijapani yaitwayo haiku. Nimejaribu kutunga machache kwa Kiingereza juu ya miti na mvua. Je, kwa umri huu na kwa Kiingereza changu kidogo, si nimechelewa? Je, ni lazima nihesabu silabi 5, 7 na 5? Na juu ya majira nitaandika nini, ikiwa vitabu vinasema theluji na maua ya micheri, vitu ambavyo sijaviona, na magoti yangu hayaniruhusu tena kwenda porini? Naambatanisha mashairi mawili. La kwanza lilinijia kwenye barabara ya Kipushi, niliposhuka garini kununua makala, yaani makaa ya kupikia, chini ya miti iliyokuwa inachipua. La pili ni la nyumbani.»

Mama, nimeyasoma mashairi yako mara kadhaa, na nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu maswali yako yote yanaliegemea. Katika haiku, mwandishi ameona kitu kimoja katika wakati mmoja wa mwaka, akakiweka kando ya kitu kingine, kisha akanyamaza. Mtu anayejua kunyamaza mahali panapofaa anahitaji maneno machache sana, na mtu anayeyajua majira kwa mwili wake, kwa mgongo ulioinama shambani na kwa mikono iliyoanika nguo wakati mawingu yanakusanyika, ndiye mwenye mali ya kuandikia. Mali hiyo unayo. Kijana wa miaka ishirini anayesoma Kiingereza chuoni anaweza kukuzidi maneno, lakini hajayaona majani ya miombo yakitoka mekundu zaidi ya mara sitini.

Kwa hiyo swali la umri nalijibu bila kusitasita: hujachelewa. Matsuo Bashō, mshairi mkuu wa haiku aliyezaliwa mwaka 1644, alianza safari yake mashuhuri ya kaskazini mwa Japani mwaka 1689 akiwa na umri wa miaka 45 hivi, na kwa nyakati zile alijihesabu kuwa mtu mzima aliyechoka, asiye na hakika ya kurudi. Kobayashi Issa, mshairi mwingine wa Japani, alioa mara ya kwanza baada ya miaka hamsini, na sehemu kubwa ya yale tunayompendea, yaani vyura, nzi, shomoro na watoto, iliandikwa na mtu aliyekwisha kuzika wengi. Nitarudi kwake mwishoni, kwa sababu ya shairi lako la pili. Karibu zaidi na siku zetu yupo Richard Wright, mwandishi Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1908 na kufariki Ufaransa mwaka 1960. Alikuwa amepata sifa kwa riwaya nzito juu ya ubaguzi, lakini katika miezi kama kumi na minane ya mwisho wa maisha yake, akiwa mgonjwa na mbali na kwao, aliandika kwa Kiingereza haiku zinazokaribia 4,000. Akachagua 817, nazo zikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1998, yeye akiwa amelala kaburini kwa miaka thelathini na minane. Yupo pia Tomas Tranströmer, mshairi wa Sweden, ambaye mwaka 1990 alipatwa na kiharusi kilichomnyima karibu usemi wote. Mwaka 2004 alitoa kitabu chembamba ambacho sehemu yake kubwa ni haiku, na mwaka 2011 akapewa Tuzo ya Nobel. Mtu aliyebakiwa na maneno machache ya kutamka alipata umbo la shairi linalotosheka na machache.

Ndiyo maana nasema kwamba Kiingereza chako kidogo hakikuzuii. Kitakuzuia ukitaka kueleza, kusifu au kufundisha, kwa sababu hayo yanadai maneno mengi na ustadi wa kuyaunganisha. Lakini haiku ya Kiingereza hujengwa kwa majina ya vitu na vitenzi vyepesi: jembe, mlango, mvua, gunia, jani, kuja, kuanguka, kufungua. Majina ya vitu unavyovishika kila siku utayajua mapema kuliko msamiati wa magazeti.

Sasa hesabu. Wewe ni mwalimu, na umelelewa katika lugha ambayo mashairi yake hupimwa kwa mizani, kwa hiyo sishangai kwamba umehesabu kwa vidole mpaka kila mstari ukatimia. Ni kweli kwamba haiku ya Kijapani ya kawaida ina sauti 17, zilizopangwa 5, 7 na 5, ingawa Wajapani wenyewe kwa kawaida huiandika katika mstari mmoja unaoshuka wima, na ile mistari mitatu tunayoijua imezoewa zaidi katika lugha nyingine. Lakini sauti zinazohesabiwa Japani si silabi za Kiingereza, na hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati ya kulielewa jambo ambalo Mwingereza huelezwa kwa taabu. Katika neno «mtu» sisi tunahesabu mizani mbili, kwa sababu ile m inasimama peke yake. Mjapani naye huihesabu n inayofunga neno kuwa sauti kamili. Neno «kaa» kwetu ni mizani mbili. Kwa Mjapani pia vokali ndefu ni sauti mbili, hivyo jina Tokyo kwake lina sauti nne, to-o-kyo-o. Hata neno haiku lenyewe Mwingereza hulitamka kwa silabi mbili, ilhali Mjapani anahesabu tatu, ha-i-ku, sawasawa na mimi na wewe.

Silabi ya Kiingereza ni gunia lililoshindiliwa. Neno «strength» ni silabi moja tu, lakini lina konsonanti nyingi kuliko baadhi ya sentensi zetu fupi. Matokeo yake ni kwamba silabi 17 za Kiingereza hubeba habari nyingi kupita sauti 17 za Kijapani, na anayezijaza zote mara nyingi hulazimika kuongeza maneno ambayo hayakuwapo katika alichokiona. Hii ndiyo sababu waandishi wengi wa haiku za Kiingereza leo wanaandika pungufu ya 17, mara nyingi kati ya 10 na 14, wakihifadhi ule umbo wa mstari mfupi, mrefu kidogo, mfupi. Wright alishika 5, 7 na 5, nami sisemi kwamba alikosea. Ushauri wangu ni huu: andika kwanza ulichokiona, ukikuta silabi zimefika 17 zenyewe, zishukuru, zikiwa 11, usitafute sita za kujazia.

Tazama jinsi hesabu ilivyolidhuru shairi lako la kwanza. Ulituma hivi, kwa maana ya majani mazuri yanayocheza kama watoto wekundu wenye furaha, yakingoja mvua:

The beautiful leaves
dance like red happy children
waiting for the rain

Hesabu ni kamili: tano, saba, tano. Lakini nilipolisoma sikuona jani hata moja. «Beautiful» ni hukumu yako, nayo inanieleza wewe ulivyojisikia bila kunionyesha kilichokufanya ujisikie hivyo. «Happy» ni hukumu ya pili. Tashbihi ya watoto wanaocheza imekuja kuziba nafasi ya kitu kingine, na naamini imekuja kwa sababu mstari wa kati ulikuwa unadai saba. Katika ushairi wetu tashbihi ni pambo la heshima na hakuna anayeikataza. Katika haiku, hata hivyo, tashbihi humtoa msomaji mahali aliposimama na kumpeleka kwingine: alikuwa chini ya mti, sasa yuko uwanjani na watoto, na mti umetoweka.

Jambo la kunifurahisha ni kwamba haiku yako ya kweli ilikuwamo ndani ya barua. Umeandika kwamba ulishuka garini kununua makala chini ya miti iliyokuwa inachipua. Mama, yale makala ni miti hiyo hiyo! Magunia yamefungwa, yamepangwa kando ya barabara, na juu yake matawi yaliyosalia yanatoa majani mapya mekundu kabla hata tone moja la mvua halijaanguka. Hicho ndicho ulichokiona, nacho kinatosha. Ningeandika hivi:

roadside charcoal—
above the tied sacks
new leaves, red

Silabi ni 12. Hakuna kivumishi cha sifa isipokuwa rangi, na rangi huonekana. Sikusema kwamba miti inakatwa, wala kwamba msitu unarudi nyuma kila mwaka kutoka mjini, wala kwamba mwuza makala ana watoto wa kulisha. Msomaji atayafikia hayo mwenyewe ikiwa ana moyo, na atayafikia kwa nguvu zaidi kuliko kama ningemhubiria.

Kile kistari kirefu mwishoni mwa mstari wa kwanza kina kazi, nacho ni jambo ninalokuomba ulizingatie kuliko hesabu zote. Wajapani wana vineno maalumu vya kukata shairi, kama «ya», «kana» na «keri», ambavyo havina maana ya kutafsirika. Vinasimamisha pumzi na kuacha pengo. Kiingereza hakina vineno hivyo, kwa hiyo mwandishi hutumia kistari, au huuacha mstari wenyewe ukatike. Pengo hilo hugawa shairi sehemu mbili zisizolingana, moja ya mstari mmoja na nyingine ya mistari miwili, na kazi yote ya haiku hufanyika hapo katikati, mahali ambapo hakuna neno. Makala upande huu, majani mapya upande ule. Ukiandika «kwa sababu», «kama» au «hivyo», umelijenga daraja, na msomaji hana tena sababu ya kuruka. Ukikata mara mbili shairi huvunjika vipande vitatu. Kata mara moja tu.

Nije kwenye majira, ambapo naona umejitia hofu bila sababu. Desturi ya kutaja msimu haikutokana na mapenzi ya theluji. Neno haiku lilienezwa na mshairi Masaoka Shiki mwishoni mwa karne ya 19. Kabla yake kilichokuwapo ni hokku, yaani ubeti wa kufungulia utungo mrefu ambao watu kadhaa walitunga pamoja kwa kupokezana. Ubeti huo wa kwanza ulipaswa kutaja wakati wa mwaka ambao watunzi wamekutana, na mara nyingi ulitungwa na mgeni wa heshima kama namna ya kumsalimu mwenye nyumba. Hili sisi tunalifahamu. Mgeni akiingia katika lupango letu, yaani uani kwetu, mwezi wa saba asubuhi, kabla ya kueleza kilichomleta atasema kwanza juu ya baridi iliyomkuta njiani. Neno la msimu ni salamu ya aina hiyo: linawaweka msemaji na msikilizaji chini ya mbingu moja.

Japani maneno hayo yamekusanywa katika vitabu maalumu kwa mpangilio wa masika, kiangazi, vuli, kipupwe na Mwaka Mpya. Katanga yetu haina kitabu cha namna hiyo, na hilo lisikuhuzunishe, kwa maana kitabu hicho wewe unacho kichwani. Mwezi wa sita na wa saba kuna baridi kavu, tuko juu ya mita 1,200 hivi na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kuna moto wa nyasi na jua linalotua jekundu ndani ya moshi. Mwezi wa nane na wa tisa miombo hutoa majani yake mapya, na hapa kuna ajabu ambayo nchi za baridi hazina: kwetu rangi ya moto juu ya mti ni ya majani yanayozaliwa, wakati kwao ni ya majani yanayokufa. Mwezi wa kumi jacaranda huchanua zambarau juu ya avenyu za katikati ya mji, joto likiwa limetukaba. Mti huo ulitoka Amerika ya Kusini, lakini sasa una nafasi katika mwaka wetu kama mzaliwa. Kisha mvua ya kwanza, harufu ya udongo, kumbikumbi, jembe, mahindi yanayopandwa, masuku, yale matunda ya porini, yanayouzwa kwa mafungu, uyoga mkubwa unaoota penye vichuguu na kubebwa mpaka kando ya barabara na watoto wanaouinua juu ili wenye magari wauone. Mwezi wa kumi na mbili, maembe. Mwezi wa pili na wa tatu, mahindi mabichi ya kuchoma. Mwezi wa nne mvua inakata, na siku moja unaamka unakuta upepo umegeuka. Kila moja ya haya ni neno la msimu lililo kamili. Usiuache nje hata ule mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyusha shaba ulio kando ya bomba refu la moshi, kwa kuwa mvua inaunyeshea nao pia, na anayeandika maumbile ya Lubumbashi akijifanya haupo anaandika mji mwingine.

Lakini kuna mtego mmoja ambao mimi mwenyewe nilinaswa nao, na nakueleza ili usinaswe. Niliwahi kuandika hivi:

June dawn—
the bread seller's call
white in the air

Nilikuwa na maana ya asubuhi ile ambayo mwuza mikate anaita na pumzi yake inaonekana mdomoni. Msomaji mmoja wa Uingereza aliniuliza kwa upole kwa nini sauti iwe nyeupe, kwa sababu kwake mwezi wa sita ni kiangazi, saa kumi alfajiri kumekwisha kucha na watu wanalala madirisha wazi. Jina la mwezi lilikuwa limempeleka nchi nyingine. Nikabadilisha mstari wa kwanza ukawa «cold dawn», na shairi likafika. Tangu hapo sitegemei jina la mwezi wala jina la msimu kuifanya kazi ambayo baridi yenyewe, au vumbi lenyewe, linaweza kuifanya. Wajukuu wako wa Ndola watakuelewa ukiandika «June», kwa sababu wanatetemeka nawe siku zile zile. Ukitaka kusomwa mbali zaidi, andika kinachogusa ngozi.

Kuhusu maneno yetu ndani ya shairi la Kiingereza, sioni ubaya wowote, mradi liwe moja kwa shairi na vitu vinavyolizunguka vilieleze. Nimelijaribu hili mwaka uliopita, usiku ambao umeme ulikatika na mvua ya kwanza ikaleta wageni wake, ambao mabawa yao yalibaki katika nta baridi ya kipande cha mshumaa:

candle stub—
kumbikumbi wings
in the cold wax

Asiyemjua kumbikumbi atajua kwamba ni kitu chenye mabawa, kwamba kilikuja kwenye mwanga na kwamba usiku umekwisha. Hayo yanamtosha. Ningeandika jina la Kiingereza la mdudu huyo, msomaji angefikiria mchwa anayekula nyumba yake, nami ningepoteza usiku wote ule wa watoto wanaokimbia na mabeseni.

Kuna jambo dogo la sarufi ambalo litakusumbua kuliko yote, nalo ni vile vineno viwili «a» na «the». Kiswahili hakina kitu kama hicho, na wanafunzi wangu wengi, wakiona haiku ni fupi, huviondoa vyote na kubaki na kitu kinachosomeka kama telegramu. Usifanye hivyo. «The hoe» ni jembe lile tunalolijua mimi na wewe, lenye mpini uliolainishwa na mkono fulani. «A hoe» ni jembe lolote tu. Soma shairi kwa sauti ukiwa na kineno hiki, kisha kile, kisha bila chochote, na sikio litaanza kukuonyesha tofauti hata kabla ya kuijua kanuni. Vitenzi viweke katika wakati uliopo. Herufi kubwa na nukta wengi huziacha, na unaweza kuziacha nawe.

Magoti yako hayakutengi na maumbile. Shiki niliyemtaja aliugua kifua kikuu tangu ujana, na miaka yake ya mwisho aliimaliza kitandani, akiitazama bustani ndogo ya nyumba yake, mpaka alipofariki mwaka 1902 akiwa na miaka 34 tu. Kanuni yake kuu ilikuwa kuchora kwa maneno kile kilicho mbele ya macho. Shairi lake moja linalojulikana sana linamwonyesha akiwauliza wa nyumbani tena na tena theluji imefikia kina gani, kwa sababu hawezi kuinuka kuitazama. Lupango lako lina mwembe au mpapai, lina kuta ambazo mijusi huota jua, lina pipa la maji ya mvua, lina moshi wa jirani unaoinama au kusimama kulingana na hewa. Keti mlangoni na daftari kila siku saa ile ile, tuseme robo saa baada ya chai, uandike kwa Kiswahili ulichokiona bila kutaka kiwe shairi. Baada ya siku saba pitia, chagua kimoja, ukipeleke kwenye Kiingereza. Nasisitiza mpangilio huu: kuona kwanza, Kiswahili pili, Kiingereza mwisho. Ukianza na Kiingereza utaandika kile ambacho Kiingereza chako kinaweza kukisema, nawe umeona zaidi ya hapo.

Ukipenda baadaye kuyapeleka majaridani, yapo, hasa Marekani na Uingereza, ambako vyama vya waandishi wa haiku vilianzishwa mwaka 1968 na 1990. Jua tu kwamba majarida mengi hayapokei shairi ambalo limekwisha kuwekwa hadharani mtandaoni. Kumtumia mjukuu kwa simu ni jambo lingine, na ningeanza na hao wajukuu.

Limebaki shairi lako la pili, la jembe la marehemu mume wako lililosimama peke yake nyuma ya mlango, mvua ya kwanza ikiwa imekuja.

My late husband's hoe
stands alone behind the door
the first rain has come

Nililisoma, nikaliweka chini, nikatoka nje kidogo. Hapa hukupamba chochote. Sijui kama ulipoliandika ulihesabu, lakini ni 17, na hakuna neno hata moja lililoletwa kuijaza hesabu, isipokuwa labda moja nitakalolitaja. Wengine watakuambia kwamba shairi lenye mtu na jembe si la maumbile. Usiwasikilize, kwa maana mvua ya kwanza ndiyo inayolisukuma jembe lile mbele ya macho yetu. Siku nyingine zote za mwaka lilikuwa kitu kilichoegemezwa ukutani. Mvua imekuja, majirani wameamkia shambani, na sasa ni jembe la mtu asiyekuwapo.

Mwaka 1819 Issa alimpoteza binti yake mdogo kwa ndui. Shairi alilomwandikia linasema tu kwamba dunia hii ni ya umande, kisha linageuka katikati ya kauli na kuishia bila kuimaliza. Huko kwetu msibani umesikia kasala, jinsi mlizi anavyomwita marehemu kwa majina yake na ya baba zake, sifa juu ya sifa, mpaka watu wote wakalia. Kasala ni mto uliojaa, na sisemi kwamba haiku inaupita. Nasema kwamba umempa mume wako kitu cha namna nyingine, na kwamba zote mbili zinamstahili.

Ningegusa mahali pawili tu. Neno «alone» lingeondoka, kwa sababu upweke huo tumekwisha kuusikia katika «late», na kuutaja ni kuupunguza. «Stands» nalo linaweza kuondoka, kwani jembe lililo nyuma ya mlango halina jingine la kufanya. Tukibaki na vitu vyenyewe, tunapata ama hivi:

first rain
my late husband's hoe
behind the door

au hivi:

my late husband's hoe
behind the door
first rain

Katika la kwanza mvua inaanza nje, nawe unageuka ndani, na shairi linaishia gizani nyuma ya mlango. Katika la pili unalitazama jembe kwanza, labda kwa muda mrefu, ndipo unasikia matone juu ya mabati. Mimi niliyasoma yote mawili kwa sauti jioni nzima bila kuamua, na sidhani kwamba ni haki yangu kuamua. Wewe ndiye uliyekuwapo, na unakumbuka ni kipi kilitangulia.